Mapipa yapo, taka ziko chini

Barua za mwezi huu zimetoka kwa watu wanaoshughulika na wageni kila siku: wasimamizi wa fukwe, waongoza watalii, wenye nyumba za wageni. Karibu zote zinalalamikia jambo moja, taka, na karibu zote zinamlaumu mtupaji. Wakati mwingine lawama hiyo ni ya haki. Wakati mwingine kosa liko kwa aliyeliweka pipa.

Swali: Habari za kazi, wahariri. Nasimamia ufukwe wa umma unaojaa watu mwishoni mwa wiki. Tumeongeza mapipa yakawa mara mbili ya yale ya zamani, lakini kila Jumatatu asubuhi nakuta taka zimezagaa, tena pembeni ya mapipa hayohayo. Hawa watu hawana macho?

Jibu: Macho wanayo. Wameliona pipa, wakaona limejaa. Taka zikikutwa chini ya pipa, ujue aliyezileta alitembea nazo hadi hapo akiwa na nia njema. Asiyejali angeziacha palepale alipokaa. Hizo ni taka za aina mbili na dawa zake ni mbili, kwa hiyo kabla ya kununua pipa jingine, zitenganishe kwenye daftari: zilizo ndani ya hatua 5 kutoka kwenye pipa, na zilizo mbali zaidi. Zile za karibu zikiwa nyingi, tatizo lako ni ratiba ya kuzoa.

Pima hivi. Kwa siku 7 mfululizo, pita kwenye kila pipa saa 4 asubuhi, saa 8 mchana, saa 11 jioni na saa 1 usiku. Andika limefika wapi: robo, nusu, robo tatu au limefurika. Robo tatu lihesabu kama limejaa, kwa sababu juu ya hapo makasha ya chakula huanza kukwama mdomoni. Kasha moja likikaa mlalo, pipa la lita 240 linaonekana limefurika na huku ndani lina nafasi tele. Mara nyingi utagundua kwamba mapipa mawili au matatu ndiyo yanayobeba mzigo wote na mengine yanakaa matupu hadi jioni. Hayo matupu yahamishe, usiongeze.

Yahamie wapi? Mtu akiwa anakula au anaogelea hainuki kwenda kutupa kitu. Anatupa anapoondoka, mkono mmoja umeshika mtoto na mwingine mkeka. Pipa linatakiwa kumkuta njiani: mahali mchanga unapokutana na kijia, kwenye lango, kwenye maegesho kabla hajafungua mlango wa gari, na hatua chache baada ya meza za wauzaji wa chakula. Akisimama kwenye pipa moja aweze kuliona jingine bila kugeuka sana. Usiliweke ubavuni mwa benchi, kwa kuwa nzi na harufu vitawafukuza watu pipa na benchi pamoja. Usiliweke karibu na mstari wa maji kujaa pia; upepo ukiliangusha, bahari inazoa kabla yako.

Umbo nalo lina neno lake. Mfuniko wa kusukuma kwa mkono huchukiwa, maana hakuna anayependa kugusa kitu kilichoguswa na mikono yenye mafuta. Bora paa dogo juu na tundu la pembeni: mvua haiingii, mkono haugusi. Kama mahali pana nyani au mbwa wa mitaani, weka komeo ambalo mtu hulifungua kwa vidole viwili, na ulifunge pipa kwenye nguzo. Pipa lisilo na paa litobolewe chini matundu machache, la sivyo maji ya mvua yatalifanya zito, mfuko utapasuka wakati wa kuunyanyua, na mzoaji ataachiwa uji wa taka miguuni.

Halafu ratiba. Kuzoa asubuhi tu ndilo kosa tunalolikuta mara nyingi zaidi. Mzunguko wa mwisho uwe jioni, dakika chache kabla wengi hawajaanza kuondoka, ili pipa liwe na nafasi saa ile inapohitajika na usiku ndege na mbwa wasikute karamu.

Ukishayafanya haya ndipo uzitazame taka za mbali, zile za wasiojali. Hapo usafi wenyewe ni chombo. Watafiti wa Groningen, Uholanzi, walitundika vipeperushi kwenye baiskeli zilizoegeshwa kando ya ukuta uliokuwa na bango la kukataza michoro. Ukuta ulipokuwa safi, karibu theluthi moja ya wenye baiskeli walivitupa chini. Ukuta huohuo ulipochorwachorwa, waliotupa walifika 69 katika kila 100. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2008. Hakuna aliyekuwa amebadilika tabia, ni mahali palipobadilika. Ndiyo maana chupa tano zilizolala mchangani saa 3 asubuhi zina madhara kuliko hamsini za saa 12 jioni: zile tano zinawakaribisha wenzao siku nzima. Mfagiaji wako wa kwanza amalize kabla mgeni wa kwanza hajafika.

Swali: Tunataka kuweka mabango kwenye hifadhi yetu. Wazo la kamati ni kuandika: "Kila mwaka wageni wanatupa hapa maelfu ya chupa. Aibu!" Mnaonaje?

Jibu: Tunaona mlifute kabla halijapigwa rangi. Bango hilo linasema mambo mawili kwa pamoja, na la kwanza ndilo linalosikika: kila mtu anatupa. Katika hifadhi ya Petrified Forest kule Arizona, Marekani, watafiti walijaribu mabango ya kuzuia wageni wasichukue vipande vya miti iliyogeuka mawe. Bango lililosema wageni wengi waliotangulia wameviiba lilifuatwa na wizi wa karibu vipande 8 katika kila 100 vilivyotegwa njiani. Lililoomba tu visichukuliwe lilifuatwa na wizi wa chini ya 2. Kuiba si kutupa, lakini mgeni anayesoma bango ni yuleyule: anatafuta kujua wengine hapa wanafanyaje.

Andikeni kinachofanyika, kiwe cha kweli: "Wageni wa njia hii hurudi na chupa zao langoni." Kisha mwelekezeni: "Pipa lipo mita 80 mbele, kulia." Maneno yasizidi kumi na mawili au hivi, na herufi zisomeke kwa mtu anayetembea bila kusimama. Msilipigilie kwenye mti. Na likichakaa liondolewe, kwa sababu bango lililokunjamana na kupauka ni taka iliyosimama wima.

Swali: Mimi ni mpanda milima. Mwongoza watalii wetu alinikatalia kutupa ganda la chungwa akidai ni taka. Ganda si linaoza?

Jibu: Linaoza, ila si kwa haraka unayoifikiria. Kuoza kunataka joto, unyevu na vijidudu, na kwenye miinuko yenye baridi na ukavu vyote vitatu ni haba. Ganda litakaa miezi mingi, na anayepita nyuma yako ataliona na kuongeza la kwake. Kuna jambo zito zaidi: wanyama. Nyani aliyezoea kuokota maganda njiani kesho atafuata mkoba, na nyani anayenyang'anya mikoba mwisho wake huwa mbaya. Beba ganda lako kwenye mfuko uliokuja nalo.

Kwa kuwa umegusia milima, tuseme na lile lisilosemwa mezani. Pasipo choo, chimba shimo la sentimita 15 hadi 20, angalau mita 60 kutoka kwenye maji, njia na kambi, kisha lifukie. Karatasi usiifukie, maana wanyama huifukua. Itie kwenye mfuko, mfuko huo uutie kwenye mwingine, na ushuke nayo. Vitambaa vya maji vya kufutia mikono vichukulie kama plastiki hata vikiwa laini kama karatasi, kwa sababu vingi vina nyuzi za plastiki.

Swali: Kwenye nyumba yangu ya wageni naona chupa zinaokotwa lakini vipisi vya sigara vinabaki mchangani, hata wafanyakazi wangu wanavipita. Ni uchafu mdogo tu, au nijali?

Jibu: Jali. Kichungi cha sigara kinaonekana kama pamba, kumbe ni nyuzi za selulosi asetati, ambayo ni plastiki, na kimekamata nikotini na sumu nyingine za moshi. Katika majaribio ya maabara, kiasi cha kipisi kimoja kwa lita ya maji kiliua nusu ya samaki waliowekwa humo ndani ya saa 96. Wafanyakazi wanavipita kwa sababu reki inavipita: meno yake yana nafasi pana, na kipisi kikikanyagwa kinazama sentimita mbili tatu chini ya mchanga.

Tumia chekeche ya waya yenye matundu ya milimita 5 au 6, kwenye mchanga mkavu tu. Mchanga ukiwa na unyevu huziba matundu, na mfanyakazi ataacha kazi kabla ya dakika kumi. Huna haja ya kuchekecha ufukwe mzima. Vipisi hukusanyika kuzunguka viti vya kulalia, ngazi za kushukia mchangani na mahali wavutaji wanaposimama kabla ya kuingia ndani. Hapo ndipo pa kuweka chombo cha udongo au bati chenye mchanga usiopungua sentimita 10 kwenda chini, kiwe mbali na upepo, na kisafishwe kila siku. Chombo kilichojaa vipisi hufanya kazi ya lile pipa lililofurika tulilolizungumzia juu. Anayekwenda kulala ufukweni mpe kikopo kidogo cha bati chenye kifuniko. Usiweke chombo cha vipisi ndani ya pipa la taka wala juu yake, maana moto wa kipisi hauhitaji ruhusa ya mtu.

Swali: Tukidai amana langoni, mgeni arudishiwe akirudi na taka zake, si tutamaliza tatizo?

Jibu: Mtapunguza, mkijua mnachokipima. Mwaka 2014 Nepal ilianza kudai msafara wa Everest amana ya dola 4,000 za Marekani, iliyokuwa ikirudishwa iwapo kila mpandaji angeshuka na kilo 8 za taka. Kasoro iliyolalamikiwa baadaye ni ya kujifunza: kambi za juu, ambako kila hatua ni mateso, ziliendelea kubaki na taka, huku kilo 8 zikiweza kujazwa na taka za kambi za chini. Mizani haijui taka imetoka wapi.

Kwa njia fupi, hesabuni vipande badala ya uzito. Langoni andikeni chupa ngapi, makopo mangapi na pakiti ngapi zimeingia, tieni alama ya rangi kwenye kila chupa, na wakati wa kutoka zihesabiwe zilezile. Bila alama, wajanja wataokota za jirani, jambo ambalo kwa kweli si baya sana. Msihesabu zaidi ya aina tatu. Foleni ikifika dakika 10, mlinzi ataanza kupitisha watu kwa macho, na mpango utakufa kimyakimya. Kiasi cha amana kiumize kidogo kukipoteza lakini kisimzuie mtu kuingia.

Swali: Kikundi chetu cha vijana kinataka kusafisha ufukwe mara moja kwa mwezi. Tuanze vipi ili isiwe ya kupiga picha tu?

Jibu: Kabla ya tarehe, ulizeni swali moja: gari la kubeba litafika saa ngapi? Lisipokuwa na jibu, ahirisheni. Rundo la viroba lililolala ufukweni usiku kucha litapasuliwa na mbwa, au maji yatalichukua, na kazi ya asubuhi nzima itarudi baharini ikiwa imefungashwa.

Pimeni mita 100 za ufukwe, mziwekee alama mbili za kudumu, na mrudie hapohapo kila mwezi. Okoteni na kuhesabu kila kitu chenye urefu wa sentimita 2.5 au zaidi. Gaweni watu watatu watatu: wawili wanaokota, mmoja anaandika. Tumieni viroba vigumu badala ya mifuko laini, na kila kiroba kifungwe kikifika nusu, kwa sababu taka za ufukweni hubeba mchanga na maji na uzito wake hudanganya. Pimeni kwa mizani ya kuning'iniza baada ya kukung'uta mchanga. Glavu ziwe za kitambaa kizito chenye mpira kiganjani. Zile nyembamba za hospitali hazizuii kioo. Sindano ziokotwe na mtu mzima mmoja aliyeteuliwa, kwa koleo, na kutiwa kwenye chupa ngumu yenye kifuniko cha kusokota. Asijaribu mtu kuirudishia sindano kofia yake.

Mwani na magogo viacheni. Ni chakula na makazi ya viumbe, na vinashika mchanga usiondoke. Msimu wa kasa kutaga, msipige reki kabisa juu ya mstari wa maji kujaa, na mtu anayeona alama za kasa mchangani azungushe kazi pembeni.

Miezi mitatu ya hesabu itawaonyesha kitu kimoja kikiongoza orodha, pengine vifuniko vya chupa, pengine mirija. Pelekeni karatasi hiyo kwa wanaokiuza hapo jirani, siku ya kazi, asubuhi, kabla hawajabanwa na wateja.