Je, kumsema diwani ni kumgusa mpakwa mafuta?

SWALI: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Niko Rungwe. Diwani wetu ni muumini mwenzetu. Amemtelekeza mkewe na watoto, na kwenye orodha ya mbolea ya ruzuku majina ya wajane yanarukwa, ndugu zake wanaandikwa. Nilipolisema kwenye jumuiya, mzee wa kanisa alinikatiza: "Usimguse mpakwa mafuta wa Bwana." Je, nimetenda dhambi?

JIBU: Asifiwe milele, mama. Hujatenda dhambi.

Maneno ya mzee wako yako karibu na Zaburi 105:15, na wengi huyategemeza kwenye 1 Samweli 24. Naomba sura hiyo msome yote jumuiyani, msiishie mstari wa sita. Daudi alikataa kumwua Sauli pangoni. Mkono aliuzuia, kinywa hakukizuia. Alitoka nje akamwita mfalme kwa sauti, akamwuliza kwa nini anamwinda mtu asiye na hatia, akamwonyesha pindo la vazi alilokuwa amelikata. Alikuwa na ushahidi mkononi. Na bado aliinama mpaka chini, akamwita "baba yangu". Sauli akalia, akakiri kwamba Daudi ana haki kuliko yeye. Hivyo ndivyo Mkristo anavyomkemea mtawala: bila matusi, bila uzushi, na bila kunyamaza.

Habari ya mkewe ianze na Mathayo 18. Mchungaji na wazee wamwendee faraghani, kwa kuwa ni wa zizi letu. Nasikitika kwamba mara nyingi hatuendi, kwa sababu ya mabati aliyotuchangia kwenye harambee. Akikataa kusikia, kanisa liambiwe.

Mbolea ni jambo jingine. Hapo anatumia cheo cha umma kuwanyima wajane mazao ya msimu mzima, na Mithali 31 inatuamuru tufumbue vinywa kwa ajili ya maskini. Mwaka 2018 maaskofu Wakatoliki na wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) walitoa nyaraka za Kwaresima na Pasaka zilizozungumzia haki nchini, zikasomwa makanisani. Hakuna aliyepaswa kuziita uasi.

Ila jiulize mbele za Mungu: angekuwa wa chama chako, ungesema? Kama ndiyo, mwombee kama 1 Timotheo 2 inavyoagiza, kisha liseme kwenye mkutano mkuu wa kijiji, mtendaji akiwepo. Usiende peke yako. Nenda na wajane wenyewe, na muombe orodha isomwe jina kwa jina.