Kuongeza bafa ya sauti kwenye kivinjari

Umeuliza kama kuongeza bafa, yaani akiba ndogo ya sauti inayongoja kabla ya kuchezwa, kutaondoa mikatiko ya sauti katika simu za kivinjari. Kutasaidia pale ambapo pakiti, yaani vipande vya data ya sauti, zinafika kwa kuchelewa kusikolingana. Zikiwa zinapotea njiani, bafa kubwa peke yake haitazirudisha, na wazungumzaji wataanza kuingiliana maneno. Kwa hiyo anza na getStats, kitendakazi cha kivinjari kinachotoa takwimu za simu: gawanya ongezeko la jitterBufferDelay (jumla ya muda wa kungoja) kwa ongezeko la jitterBufferEmittedCount (idadi ya sampuli zilizotoka kwenye bafa) katika kipindi kilekile, upate wastani wa sekunde ambazo sauti inangoja kabla ya kuchezwa, kisha utazame kama concealedSamples, yaani sampuli ambazo kivinjari kimezibuni ili kuziba mapengo, zinapanda kwa kasi hata baada ya kuondoa zile za ukimya. Zikipanda kwa sababu ya ucheleweshaji, weka jitterBufferTarget ya kipokezi, yaani muda unaoomba bafa ishikilie sauti, kuwa milisekunde 80 au 100, usikilize, ndipo uongeze kidogo kidogo. Inakubali hadi milisekunde 4000, lakini kwa mazungumzo ningejizuia mapema sana, kwani pendekezo G.114 la ITU-T, shirika la kimataifa la viwango vya mawasiliano, huchukua milisekunde 150 za safari nzima ya upande mmoja kuwa mpaka wa mazungumzo yasiyosumbua, na bafa ni sehemu tu ya safari hiyo. Thamani ya jitterBufferTarget ni ombi, si amri. Kivinjari bado hujirekebisha kulingana na hali ya mtandao.