Kabla ya programu ya kufuatilia mizigo, angalieni mnaambiana nini

Mkuu, umesema kampuni yenu inaunganisha mashine, mnanunua vipuri kwa watengenezaji kadhaa, mnauza kupitia wasambazaji, kila mmoja ana Excel yake, na bosi anataka inunuliwe programu ili "kila kitu kionekane". Unauliza kama hela hiyo itarudi. Nimefanya kazi manunuzi, kisha ghalani, kwa miaka mingi. Itarudi, ila msianzie hapo.

Shida kubwa ya mnyororo wa ugavi, yaani safari ya bidhaa kutoka kwa wauza malighafi mpaka kwa mteja wa mwisho, ni kwamba kila mtu anaona oda ya aliye mbele yake tu, haoni kinachouzwa kwa mteja wa mwisho. Procter & Gamble waliliona hili kwenye nepi za Pampers. Watoto hawabadilishi nepi kwa misimu, matumizi yako palepale, lakini oda za wasambazaji zilikuwa zinapanda na kushuka, na oda za kampuni kwa wauza malighafi ziliyumba zaidi. Mwaka 1997 mtafiti Hau Lee na wenzake walichambua chanzo chake: watu wanakisia mahitaji kwa kuangalia oda badala ya mauzo, wanasubiri oda zijae lori, wanajaza stoo bei ya promosheni ikitoka, na bidhaa ikiadimika wanaagiza kupita mahitaji.

Hiyo ya mwisho nimeishuhudia sana. Msambazaji anataka katoni 100, anajua atapewa nusu, anaagiza 200. Kiwanda kinaona soko limechangamka, kinaongeza shifti. Bidhaa zikianza kupatikana, oda zinafutwa kimyakimya na mzigo unabaki kwa aliyeuzalisha. Kwa hiyo taarifa za kwanza za kuomba kwa wasambazaji wenu ni mbili tu: wameuza nini wiki hii, na wamebakiwa na nini. Hata kwa Excel inatosha kuanzia.

Sasa hapo kwenye Excel ndipo penye kazi. Chukua mstari mmoja wa oda muusome pamoja, nyinyi na mtengenezaji. Nyinyi mmeandika "bolti M8 x 40, 50". Yeye anahesabu boksi, nyinyi mnahesabu vipande. Kipuri kina namba yake kiwandani, kwenu kina namba nyingine, kwa msambazaji kina jina la utani. Halafu safu ya tarehe imeandikwa "tarehe 15". Ya nini? Ya kutoka kiwandani, ya kufika bandarini, au ya kupokelewa ghalani kwenu? Nimeona watu wazima wakigombana wiki nzima kwa sababu ya safu hiyo, na wote walikuwa sahihi. Ndiyo maana kuna viwango vya GS1, shirika la kimataifa linalopanga namba za bidhaa: namba ya bidhaa inayoweza kufika tarakimu 14, na namba ya tarakimu 18 inayobandikwa kwenye kila paleti. Mkikosa lugha moja ya namba, vipimo na tarehe, programu itawaonyesha vurugu ileile, ila kwa rangi nzuri.

Lakini hata mkipanga hayo yote, taarifa muhimu kuliko zote haitaingia kwenye mfumo: habari mbaya. Mficha maradhi kifo humuumbua, ila mikataba mingi ya manunuzi inamlipa mficha maradhi. Soma wenu. Kama anayewauzia akiwaambia wiki tatu kabla kwamba atachelewa anatozwa faini sawa na aliyekaa kimya mpaka siku yenyewe, kwa nini aseme? Tulipobadilisha kipengele hicho, taarifa mapema ikapunguza faini, simu za waliokuwa wakituuzia zilianza kuingia zenyewe. Jingine wanaloogopa ni kwamba mkiona wamejaza stoo mtawakaba kwenye bei. Hofu hiyo ina msingi, watu wa manunuzi tunajijua. Andikeni kwenye mkataba nani anaona nini na haruhusiwi kukitumia kwa lipi.

Msiishie kwa anayewauzia moja kwa moja. Tarehe 1 Februari 1997 moto uliteketeza kiwanda cha Aisin, kampuni inayowauzia Toyota vipuri, kilichokuwa kikitengeneza karibu valvu zote za aina fulani za breki za Toyota, na karibu mistari yote ya Toyota ya kuunganisha magari nchini Japani ikasimama. Kilichowanusuru ni kwamba Aisin waligawa michoro kwa kampuni nyingine nyingi, hata zisizowahi kutengeneza valvu hizo, na uzalishaji ukarudi ndani ya siku chache. Jiulizeni kipuri gani chenu kinatoka mlango mmoja, na huyo ananunua wapi.

Baada ya hapo nunueni programu. Meli ya Ever Given ilipoziba Mfereji wa Suez Machi 2021 kwa siku sita, yeyote mwenye intaneti aliiona ilipo. Swali gumu lilikuwa kontena ipi ina vipuri vya oda ya mteja gani, na nani anaweza kusubiri. Muuzaji akija kuwaonyesha programu, msimwache achezee ramani. Mpeni oda yenu moja iliyochelewa kweli, mwambieni aonyeshe ni wateja gani wataguswa na nani atapata taarifa kwanza.