Muulize Fundi: Runinga kwenye laptopu inagandaganda

SWALI: Fundi, shikamoo. Nilinunua tyuna ya USB pale Luthuli Avenue, Nairobi, kile kifaa cha kunasa mawimbi ya runinga kinachofanana na fleshi, nipate kutazama runinga kwenye laptopu. Chaneli ziliingia vizuri. Ila nikichomeka diski ya nje ili nirekodi taarifa ya habari ya saa moja jioni, picha inakatika vijumba vijumba na sauti inakwaruza. Muuzaji anasema ninunue busta ya kukuza mawimbi. Na mbona chaneli nyingine zinaonyesha jina tu, picha hakuna?
Dada wa Kitengela

JIBU: Marahaba dadangu. Pesa ya busta iweke kwanza. Umeshasema mwenyewe kwamba picha huharibika ukichomeka diski, na shida iko hapo hapo. Diski hizo nyingi hutumia USB 3.0, ile USB ya kasi, na data inapokimbia kwenye waya wake hutoa kelele za redio zinazotapakaa hadi kwenye masafa ya runinga, megahezi 470 hadi 694. Tyuna yako imebanana na diski hiyo ubavuni mwa laptopu, huku mawimbi inayoyatafuta yanatoka kwenye mitambo ya kurushia runinga kule Limuru, kilomita 50 hivi. Ni kama kunong'onezwa ndani ya matatu iliyofungulia muziki. Busta itakuza mnong'ono na muziki pamoja.

Tafuta waya wa kurefusha USB, mita moja au mbili, tyuna ikae mbali na laptopu. Diski ichomeke upande wa pili. Au rekodi moja kwa moja ndani ya laptopu, uhamishie kwenye diski taarifa ikiisha. Mimi ningefanya hivyo. Jaribu pia kuchomoa chaja kidogo uone kama picha itatulia. Chaja za bei ya kutupa nazo ni korofi.

Kale kaantena kadogo kenye sumaku kanakouzwa na tyuna usikaweke juu ya meza ya mbao. Kasimamishe juu ya mkebe wa biskuti, dirishani, upande wa kaskazini magharibi. Bati la chini ni sehemu ya antena yenyewe. Ila kwa umbali wako, antena ya nje ndiyo dawa: chunguza za majirani, vijiti vyao vimelala au vimesimama, nawe ufuate. Kuiunganisha na tyuna kuna kiungio kidogo, muuzaji anacho. Unapoigeuza, tazama kipimo cha ubora wa mawimbi. Cha nguvu hudanganya, kwa kuwa hata kelele hukipandisha.

Tyuna yenyewe ni nzima. Ingekuwa ya DVB-T ya zamani isingeshika hata chaneli moja, maana Kenya tunatumia DVB-T2, mfumo mpya zaidi wa kurusha runinga ya dijitali.

Hizo zenye jina bila picha nyingi ni za kulipia, za GOtv au StarTimes. Zimefungwa, na kinachozifungua ni king'amuzi chao chenye malipo. Zifute kwenye orodha zisikusumbue.