Taroti na Lenormand: karata 78 au karata 36?

Anayetaka kuanza kuagulia karata kwa kawaida huhesabu kwanza. Seti ya Lenormand ina karata 36, taroti ina 78, basi Lenormand ndiyo nyepesi. Hesabu hiyo inadanganya. Karata moja ya taroti inaweza kukaa mezani peke yake ikakupa maneno ya dakika tano. Karata moja ya Lenormand karibu haisemi kitu mpaka ipate jirani, na jirani akibadilika, habari nayo inabadilika. Zichukue mbili mbili kwa kufuata nani ametangulia, utapata jozi 1,260. Taroti, hata ukihesabu maana ya karata iliyosimama na ya iliyopinduka, inakupa 156.

Kwa hiyo Lenormand hukaririwa haraka na kuzungumzwa kwa shida, na taroti ni kinyume chake. Anayepanga kununua seti moja tu ajue hilo kabla ya kutazama uzuri wa michoro.

Tofauti hii ina asili yake. Karata za Lenormand zilianza kama mchezo wa mbio wa dadu uliotolewa Nuremberg, Ujerumani, karibu mwaka 1799, kazi ya Johann Kaspar Hechtel. Karata 36 zilipangwa sita kwa sita, mchezaji akarusha dadu na kusogea. Akiangukia picha njema anafaidi, akiangukia mbaya anapata hasara. Ndiyo maana kila picha ni kitu kimoja kinachotambulika mara moja: meli, jeneza, ufunguo, mbwa. Marie Anne Lenormand, mwaguzi mashuhuri wa Paris, hakuzichora wala hakuzibuni. Alifariki mwaka 1843, na jina lake likabandikwa kwenye karata hizo baadaye ili ziuzike.

Taroti nayo ilikuwa mchezo wa karata huko Italia ya kaskazini katika karne ya 15, ikageuzwa chombo cha uaguzi Ufaransa mwishoni mwa karne ya 18. Lakini taroti ambayo wengi wanaijua leo ni ile iliyotolewa London mwaka 1909 kwa maelekezo ya Arthur Edward Waite na kuchorwa na Pamela Colman Smith. Kazi kubwa ya Smith ilikuwa kuzipa karibu karata zote za namba (moja hadi kumi za fito, vikombe, panga na sarafu) tukio kamili lenye watu, mahali na mwenendo. Katika taroti ya Marseille, ile ya mtindo wa zamani wa Ufaransa, Panga Tano ni panga tano tu. Kwa Smith kuna mtu anayekusanya panga huku wawili walioshindwa wakienda zao. Mwanafunzi anayeanza na Marseille analazimika kutegemea namba na aina ya karata tangu siku ya kwanza, na wengi huishia njiani. Anza na seti yenye matukio.

Sasa tuziweke karata mezani. Swali: mteja aliyechukua kazi atalipa lini, na kuna tatizo gani?

Tuseme Lenormand imetoa Barua, Mlima, Samaki. Barua ni waraka au ujumbe, Mlima ni kizuizi kinachochelewesha, Samaki ni fedha. Katika mstari wa karata tatu, ya katikati ndiyo mhimili: kuna ankara au ujumbe umekwama mahali, na fedha ziko ng'ambo ya kizuizi. Huambiwi mteja anajisikiaje. Unaambiwa ukatafute waraka uliokwama. Lau zingekuja Samaki, Mlima, Barua, mkwamo ungeanzia kwenye fedha zenyewe na Barua ingekuwa taarifa inayofuata.

Taroti, kwa swali hilo hilo, tuseme imetoa Sarafu Sita, Askari Farasi wa Sarafu na Panga Mbili. Katika Sarafu Sita tajiri ameshika mizani, anawagawia watu wawili waliopiga magoti: uamuzi wa kiasi na wakati uko kwa anayetoa. Askari Farasi wa Sarafu ndiye pekee kati ya wanne ambaye farasi wake amesimama tuli. Ni mtu wa kuaminika, ila hana haraka. Panga Mbili ni mwanamke aliyefungwa kitambaa machoni, panga zimepishana kifuani: mtu anayekwepa kuamua. Hapa unapata sura ya uhusiano, nani ana nguvu na nani anajifanya haoni. Waraka uliokwama hautajwi popote.

Hapo ndipo ninapoweka mpaka. Swali la “nini kimetokea, nani, kiko wapi” lipelekee Lenormand. Swali la “kwa nini nasita” au “nikichagua hivi nitakuwa mtu wa namna gani” lipelekee taroti. Ukiiuliza Lenormand maana ya maisha yako itakujibu Nyumba, Panya, Ufunguo, na utabaki umekodoa macho. (Ugonjwa na kesi mahakamani havina seti. Hayo ni ya daktari na wakili.)

Makosa mengi hutokana na kusoma seti moja kwa sheria za nyingine, na mtego mkubwa ni karata zinazofanana majina. Mnara wa taroti, namba 16, ni mporomoko wa ghafla. Mnara wa Lenormand, namba 19, ni taasisi, ofisi ya serikali, mpaka, wakati mwingine upweke. Hauporomoki hata kidogo. Mwezi wa taroti una hofu na mambo yasiyo wazi. Mwezi wa Lenormand, namba 32, katika mapokeo ya zamani ni heshima na sifa mbele za watu. Mtu aliyetoka kwenye taroti akiuona Mwezi karibu na karata yake anaanza kuogopa, kumbe ameambiwa jina lake linavuma vizuri.

Mtego wa pili ni kupindua. Taroti inaweza kusomwa ikiwa kichwa chini miguu juu. Lenormand haipinduliwi, ikitoka imegeuka, inyooshe uendelee. Ubaya wake unatoka kwa majirani na kwa umbali. Mawingu yakiwa karibu na karata ya mhusika ni mvurugano, yakiwa mbali yanapoteza makali. Katika seti nyingi mawingu hayo yana upande mweusi na upande mweupe, na unatazama weusi umeelekea karata gani. Mundu nao hukata upande ule makali yanakoelekea. Kwa hiyo kabla ya kununua tazama picha ya namba 6 (Mawingu) na namba 10 (Mundu). Baadhi ya wachoraji wa sasa wamefanya mawingu ya rangi moja, mazuri kweli, ila wamekuondolea nusu ya maelezo.

Mtego wa tatu unawapata wazoefu wa karata za kawaida. Karata nyingi za Lenormand zina karata ndogo ya kuchezea iliyochorwa pembeni, kuanzia sita mpaka ree. Waaguzi wengi wa karata za kawaida huchukulia shupaza kuwa mkosi. Katika Lenormand mkosi uko kwenye pau: Mawingu, Nyoka, Mjeledi, Mbweha, Mlima, Panya, Msalaba, na Dubu ambaye si mbaya lakini si wa kuchezewa. Pete peke yake ndiyo imeponea humo. Shupaza zina Shada la Maua, Bustani, Nanga na nyingine za amani.

Kuchanganya karata kunaonekana kitu kidogo, na kwa taroti ni kidogo kweli. Kwa Lenormand ndicho kinachoharibu usomaji wa wengi. Kwa kuwa unasoma ujirani, karata zilizogandana kutoka usomaji uliopita zinaleta jozi zile zile. Seti mpya ni mbaya zaidi maana inatoka dukani imepangwa 1 hadi 36. Zimwage mezani kifudifudi, zizungushe kwa mikono miwili kwa dakika nzima, zikusanye, kisha uchanganye kwa mkono kama kawaida. Halafu zifunue zote uzitazame: ukikuta namba tatu zinazofuatana zimekaa pamoja, mfano 20, 21, 22, rudia. Kwa taroti, kama unasoma zilizopinduka, gawa seti mafungu mawili, geuza fungu moja, changanya.

Mpangilio Mkubwa wa Lenormand hutumia karata zote 36: safu nne za karata tisa, au safu nne za nane na nne za mwisho chini. Tafuta kwanza Mwanamume (28) au Mwanamke (29) anayemwakilisha muulizaji. Anakotazama ni yajayo, mgongoni ni yaliyopita, juu yake ni yaliyomo mawazoni, chini ni yale aliyonayo mkononi. Soma karata nane zinazomzunguka kabla ya kwenda mbali. Ukianza kona ya juu kushoto na kwenda moja moja mpaka 36 utachoka na muulizaji atasinzia. Seti nyingine zina Mwanamume na Mwanamke wa ziada. Ondoa usiowahitaji, la sivyo safu hazitatimia. Na pima meza: karata ndogo za sentimita 6 kwa 9 zinataka kama sentimita 54 kwa 36, lakini Lenormand iliyochapwa kwa ukubwa wa taroti, 7 kwa 12, itataka 63 kwa 48 bila nafasi kati yake. Mpangilio wa karata kumi wa taroti unakaa kwenye meza ndogo.

Kwa upande wa taroti, tahadhari mbili zinatosha. Taja kazi ya kila nafasi kabla ya kufunua karata, kwa sababu karata ile ile katika nafasi ya kizuizi na katika nafasi ya ushauri ni habari mbili. Na linganisha kitabu na seti: kwa Waite, Nguvu ni 8 na Haki ni 11, katika Marseille, Haki ni 8 na Nguvu ni 11. Anayesoma Marseille kwa kitabu cha Waite huku akifuata namba anasoma karata isiyo yake.

Wenye seti zote mbili huuliza kama zinaweza kutumika pamoja. Zinaweza, mradi zisichanganywe kuwa fungu moja. Tandaza kwanza Lenormand tano kwa swali la jambo lenyewe: ya tatu ni kiini, kisha soma ya kwanza na ya tano kama jozi, ya pili na ya nne kama jozi. Andika sentensi moja. Kisha toa taroti moja tu kuuliza namna ya kulikabili. Ukijikuta unatoa ya pili kuifafanua ya kwanza, halafu ya tatu kuifafanua ya pili, rudisha zote: sentensi uliyoandika ilikuwa na utata, na hiyo ndiyo ya kurekebisha.