Kopo la sukari nilimpelekea jirani

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tandika. Mume wangu ni fundi seremala, kazi zake ziko Keko. Mwaka jana aligundulika ana kisukari, akaanzishiwa vidonge vya aina mbili, metformini na glibenklamidi. Tangu hapo mlinzi ni mimi, maana mwenyewe hajali. Nampikia chake peke yake, akirudi namkagua mifuko, na nimeshakuta karatasi ya sambusa mara mbili. Kopo la sukari nilimpelekea jirani ili lisiwe machoni pake.

Wiki tatu zilizopita alirudi akakuta ugali kidogo na mchicha, akasema hicho ni chakula cha mtoto wa chekechea. Tukarushiana maneno, akasusa, akameza vidonge vyake akalala. Saa nane usiku nikaamshwa na shuka lililolowa jasho. Anatetemeka, anaongea kama mlevi, na pombe hajawahi kuionja. Nikagonga kwa jirani kama mwendawazimu, akanipa soda, mume wangu akanywa, akarudi katika hali yake. Asubuhi zahanati wakasema sukari ilishuka. Sasa hanisemeshi. Mama mkwe anasema namuua mwanawe kwa njaa. Nimechoka, Shangazi. Nimwache ale anachotaka?

Mke wa Fundi, Tandika

*

Marahaba mwanangu, na pole. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilicheka pale kwenye kopo, unisamehe. Mimi mwenyewe huu ni mwaka wa 11 natembea na kisukari, na marehemu mume wangu aliwahi kunifichia asali. Nilijua ilipo tangu siku ya kwanza.

Tuanze na ule usiku, mengine yanaweza kungoja. Vidonge vya mumeo havifanyi kazi inayofanana. Metformini ikiwa peke yake ni nadra kumshusha mtu sukari kupita kiasi. Glibenklamidi ndiyo yenye makali: inalisukuma kongosho litoe insulini, kichocheo kinachoshusha sukari, na haiulizi kama mtu amekula au amesusa. Mumeo alikuwa amepiga randa kutwa, akalala na kidonge juu ya tumbo tupu. Kususa ni kosa lake, ila sahani ile ilikuwa yako. Mgawane.

Dalili umeshaziona: jasho, kutetemeka, maneno kuparaganyika. Mara nyingine ni moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, au mtu mpole kugeuka mkali bila sababu. Kama mna mashine ya kupimia, chochote chini ya 4 (kwa mashine inayosoma mmol/L) kishughulikieni hapo hapo. Kama hamna, msingoje kipimo. Koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, au mpe nusu chupa ya soda, ya kawaida, siyo ile isiyo na sukari. Ngoja dakika 15. Kama bado, rudia. Akishakaa sawa ale chakula, kwa sababu glibenklamidi hukaa mwilini muda mrefu na inaweza kumshusha tena baada ya saa kadhaa. Kwa hiyo hata akionekana mzima, aende hospitali siku hiyo hiyo. Na akiwa hajitambui au hawezi kumeza, usimtie kitu chochote mdomoni. Mlaze ubavu, ita bajaji, mkimbize.

Kopo basi lirudi nyumbani. Leo.

Mkienda kliniki, mwelezeni daktari habari ya usiku ule bila kupunguza: alikula nini mchana, alimeza saa ngapi, huwa anachelewa kula siku zipi. Ataamua kama dozi ibaki, ipungue au dawa ibadilishwe. Msiikate kwa vichwa vyenu. Muulizeni pia, siku isiyo na chakula kidonge kile kifanyweje. Swali hilo wagonjwa wengi hatuliulizi mpaka siku ya jasho.

Sasa jikoni. Kinachoniudhi kwako ni sufuria la pili. Mwanaume anayetengewa sufuria lake kwenye nyumba anayoilipia kodi anakumbushwa ugonjwa kila anaponawa mikono. Pikeni chungu kimoja, mle wote, na wewe na watoto mtafaidika. Nusu ya sahani iwe mchicha au matembele, ugali uwe wa ukubwa wa ngumi yake, pembeni dagaa, samaki au maharage. Ngumi ya fundi seremala si ndogo, kwa hiyo habari ya chekechea itakwisha. Dona ni bora kuliko sembe, lakini mlima wa dona bado ni mlima. Na usinunue maneno ya mtaani kwamba asali, sukari guru na uji wa ulezi havina neno kwa mgonjwa. Asali ni sukari. Sukari guru imejitaja yenyewe. Ulezi ni wanga, unahesabiwa kama ugali.

Huko Keko huna mamlaka, ukubali tu. Atakula kwa mama ntilie na wenzake, na ni vizuri ale. Mwambie, kwa sauti ya kawaida, kwamba supu na chapati moja inatosha asubuhi, mchana aombe wali kidogo na majani mengi, na maji badala ya soda. Karatasi mbili za sambusa tangu mwaka jana, mwanangu! Mimi ningefunga nadhiri ya shukrani.

Kama kinachokuuma ni kudanganywa, kuna kipimo cha damu kinachosoma wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu iliyopita. Wengi wetu tunaambiwa tulenge chini ya asilimia 7. Mwombeni daktari awapimie. Kila sambusa imo humo, wala huhitaji kupekua suruali ya mtu.

Ila kuna jambo la Keko ambalo hukuliandika, na mimi ndilo linalonikosesha raha: mashine. Sukari ikimshuka mkono uko kwenye msumeno wa umeme, hatutazungumzia tena soda ya jirani. Lazima fundi mmoja pale kazini ajue hali yake na ajue cha kufanya. Najua wanaume wanaona haya, wanaogopa kuitwa wagonjwa wakanyimwa kazi. Amwambie mmoja tu, yule anayemwamini. Na ule mfuko unaoukagua, wewe mwenyewe utie humo pakiti ya glukosi kila asubuhi.

Mama mkwe usishindane naye. Mwombe awasindikize kliniki siku moja akayasikie kwa nesi. Akisikia kwako ni unyimi, akisikia kwa nesi ni tiba.

Umeniuliza umwache ale anachotaka. Hapana. Lakini kabla ya chakula kuna ukimya wa wiki tatu hapo ndani, na anayeweza kuuvunja ni wewe, kwa kumwomba radhi kwa ile sahani bila kuongeza "lakini na wewe". Hiyo "lakini" itafute siku nyingine.

Kisha, jioni moja, mtazame miguu. Fundi wa mbao anashinda na ndala juu ya misumari na vibanzi, na kisukari hutia ganzi unyayo polepole: mtu anachomwa asisikie, kidonda kinaoza hana habari. Anahitaji viatu vya kufunika vidole, visivyobana. Mwoshe kwa maji ya uvuguvugu, uyapime kwa kiwiko chako wewe kwa sababu mguu wake unaweza usiujue moto. Usimloweke. Mkaushe hadi katikati ya vidole, uinue unyayo kwenye mwanga uutazame wote, kisigino mpaka kidole gumba. Fanyeni hivyo kila jioni. Na jioni ya kwanza usimtajie chakula kabisa.