Kwa anayeanza Magic Arena: kadi isipofanya ulichotarajia

Malalamiko ninayosikia zaidi kutoka kwa wageni wa Magic: The Gathering Arena, yaani mchezo wa kadi wa Magic unaochezwa kwenye skrini, ni haya: kiumbe wangu ameandikwa kwamba haangamizwi, na bado amekufa, mchezo una hitilafu. Mara nyingi hakuna hitilafu. Seva imefuata kanuni neno kwa neno, ila haikueleza kitu. Mkicheza mezani kwa kadi za karatasi, mwenzako angekwambia sababu. Kwenye skrini kiumbe anatoweka, mchezo unasonga mbele, na wewe unabaki na dukuduku.

Ushauri wangu ni kwamba usikariri jozi za kadi zinazoshangaza. Mchezo huu, uliobuniwa na Richard Garfield, ulitoka mwaka 1993, na tangu hapo zimechapishwa kadi tofauti zaidi ya 20,000. Hakuna kichwa kinachoweza kubeba namna zote kadi hizo zinavyokutana. Jifunze ni wakati gani mchezo hukagua nini, na jozi hizo utazifumbua mwenyewe, hata zile ambazo hujawahi kuziona.

Anza na rundo. Ukicheza kadi ya uchawi, haifanyi kazi papo hapo. Inakaa kwenye rundo, kila mchezaji anapata nafasi ya kujibu, na wote wakipita, iliyo juu kabisa ndiyo hutekelezwa kwanza. Chukua kiumbe wa 2/2, yaani nguvu 2 na uimara 2. Mpinzani anamrushia Shock, yenye madhara 2. Ukijibu kwa Giant Growth, inayompa kiumbe +3/+3 hadi mwisho wa zamu, hiyo ya kwako inatekelezwa kwanza. Kiumbe anakuwa 5/5, Shock inamkuta ameshakua, anapona. Sasa geuza mpangilio: wewe unatangulia na Giant Growth, mpinzani anajibu kwa Shock. Kiumbe anakufa akiwa bado 2/2, na Giant Growth yako inakosa mlengwa na kwenda kaburini (mahali pa kadi zilizotumika au zilizokufa) bure. Kadi ni zilezile, mana, yaani nguvu ya kulipia kadi, ni ileile moja kwa kila upande, na aliyetangulia ndiye aliyeumia. Kama hakuna kinachokulazimisha, usimkuze kiumbe wako wakati mpinzani bado ana mana ya kutumia.

Si kila kitu hupitia kwenye rundo, hata hivyo. Llanowar Elves wakitoa mana yao ya kijani, hakuna awezaye kujibu. Mana inapatikana palepale, kama inavyopatikana kwenye kadi za ardhi. Na gharama nazo hazijibiwi. Kiumbe Walking Ballista huondoa alama yake moja ya +1/+1 (alama humwongezea kiumbe nguvu 1 na uimara 1) ili kumpiga mtu dhara 1, na kuondoa alama hiyo ndiyo gharama yenyewe. Ukijaribu kumuua, mwenye kadi atatoa alama zote kukujibu, na Ballista akishakufa makombora yake bado yapo kwenye rundo na yatatua. Kwa hiyo ukisoma kadi, angalia nukta mbili ziko wapi: kilicho kabla yake ni gharama, kilicho baada yake ndicho kinachoweza kujibiwa.

Hapa Arena ina tabia zake ambazo mezani hazipo. Programu inakurusha nafasi nyingi za kujibu ili mchezo usiburute, na kwa anayeanza hilo ni jema, hadi siku unapotaka kujibu uchawi wako mwenyewe, au kutenda jambo mwishoni mwa zamu ya mpinzani, na programu ikapita bila kukusubiri. Kwenye kompyuta, shikilia Ctrl upate udhibiti kamili; programu itakusubiri kila panapokuwa na nafasi. Unaweza pia kubofya alama ya hatua fulani ya zamu ili mchezo usimame hapo. Usiache udhibiti kamili ukiwa umewashwa mchezo mzima, maana utamaliza muda wako kwa kubofya tu na ile kamba ya muda itaanza kuungua. Na jicho lako lizoee kuona kusita: ukicheza uchawi na mchezo ukatulia kidogo kabla ya kuendelea, yawezekana mpinzani ana kitu mkononi.

Sasa tufike kwa yule kiumbe asiyeangamizwa, kwa sababu hapa ndipo penye utajiri wote.

Kila kabla mchezaji hajapewa nafasi ya kujibu, mchezo hukagua hali ya uwanja mzima. Mwenye uhai 0 ameshindwa. Kiumbe mwenye uimara 0 au pungufu anapelekwa kaburini. Kiumbe aliyebeba madhara yanayofikia uimara wake anaangamizwa. Mchezaji mwenye kadi mbili za gwiji ("legendary") mwenye jina moja anachagua moja ibaki, nyingine inakwenda kaburini. Ukaguzi huu haukai kwenye rundo, na hakuna wa kuujibu. Sasa soma tena mstari wa pili na wa tatu. Wa tatu unaangamiza. Wa pili hauangamizi mtu, unampeleka kaburini tu. Kiumbe wa 4/4 asiyeangamizwa atavuka Day of Judgment inayoangamiza viumbe wote, atavuka moto wa madhara 10, atavuka hata kuguswa na mwenye mguso wa kifo ("deathtouch"), ambaye dhara lake lolote huangamiza. Mpe -4/-4, uimara wake unakuwa 0, na ukaguzi unamwondoa bila kumuuliza kama anaangamizwa au la. Ni hivyo hivyo mchezaji akilazimishwa kumtoa sadaka, au kanuni ya magwiji ikimfikia. Kinga ile inazuia kitendo kimoja tu, na kanuni zina njia nyingi za kumfikisha kiumbe kaburini.

Ukaguzi huohuo unaeleza mambo mengine ambayo wageni huyaona ya ajabu. Madhara hubaki mwilini mwa kiumbe hadi mwisho wa zamu. Kiumbe wako wa 2/2, aliyeongezewa +1/+1 na kiongozi aliye uwanjani, amepigwa madhara 2 akabaki hai kama 3/3. Baadaye, zamu ileile, kiongozi anauawa. Yule wa kwanza anarudi kuwa 2/2 akiwa bado na madhara 2, na ukaguzi unamchukua ingawa hakuna aliyemgusa tena. Basi wengi huogopa kwamba aliyekuzwa na Giant Growth hadi 5/5, akapigwa madhara 4, atakufa nguvu ile ikiisha. Hafi. Mwishoni mwa zamu madhara hufutwa kwa pamoja na athari za hadi mwisho wa zamu, kwa mpigo mmoja, na ukaguzi hauna nafasi ya kuingia katikati.

Kwenye mapigano, kuna jozi moja ambayo ningependa kila mgeni aielewe mapema, kwa sababu inaua watu wakiwa na walinzi wa kutosha, yaani viumbe wa kuzuia mashambulizi: mguso wa kifo pamoja na kukanyaga ("trample"). Mwenye kukanyaga anatakiwa ampe mlinzi madhara ya kutosha kumuua, na yanayobaki yanamfikia mchezaji. Mguso wa kifo unafanya dhara 1 lihesabiwe kuwa la kutosha. Mshambuliaji wa 6/6 mwenye vyote viwili, akizuiwa na 5/5, anampa mlinzi 1 na wewe 5. Mlinzi asiyeangamizwa hatakusaidia zaidi: atabaki hai, lakini hesabu ya 1 na 5 ni ileile. Jambo jingine la hapo: kiumbe akishazuiwa, amezuiwa, hata mlinzi akiondolewa kabla ya madhara. Asiye na uwezo wa kukanyaga hatakugusa zamu hiyo. Mwenye kukanyaga atakupiga kwa nguvu yake yote, kwa kuwa hakuna tena wa kugawiwa.

Tahadhari na maandishi ya zamani kuhusu mapigano. Hadi mwaka 2009 madhara ya mapigano yalikuwa yakiwekwa kwenye rundo, na mbinu nyingi za enzi zile hazipo tena. Novemba 2024, seti ya Foundations ilipotoka, iliondolewa pia kanuni iliyomtaka mshambuliaji apange walinzi kwa foleni kabla ya kugawa madhara. Sasa anagawa apendavyo wakati wa madhara wenyewe.

Baada ya rundo na ukaguzi, kundi la tatu ni kadi zinazobadilisha tukio kabla halijatokea. Kwenye kadi utazitambua kwa neno "instead". Athari za kawaida husubiri jambo litokee, kisha hujiweka kwenye rundo. Hizi hazisubiri. Zinakamata tukio na kuweka jingine mahali pake, na lile la kwanza linakuwa halijatokea kabisa. Rest in Peace inasema kadi au tokeni (kitu kinachoundwa na kadi nyingine, kama kiumbe asiye na kadi yake) ikitaka kwenda kaburini, iende uhamishoni, yaani nje ya mchezo. Ikiwa uwanjani, kiumbe wako mwenye faida ya kupata akifa hatakupa kitu, kwa sababu kufa maana yake ni kutoka uwanjani kwenda kaburini, naye kaburini hakufika.

Leyline of the Void inafanana nayo sana, ila inataja kadi tu, za mpinzani. Tokeni si kadi. Kwa hiyo mbele ya Leyline ya adui, tokeni zako zinakufa kweli na faida za vifo vyao unazipata kama kawaida. Mbele ya Rest in Peace hupati. Napenda sana jozi hii. Inaonyesha jinsi neno moja linavyobeba mchezo mzima, na ndiyo sababu nawasihi wageni wasome kadi ya mpinzani mpaka nukta ya mwisho hata kama wanadhani wanaifahamu.

Zikikutana mbili za aina hii, anayechagua itangulie ipi ni mwenye kitu kinachoguswa. Hardened Scales inaongeza alama moja zaidi ya +1/+1. Doubling Season inazidisha mara mbili. Kiumbe wako akitakiwa kupata alama moja, ukianza na Scales unapata 2, kisha Season inazifanya 4. Ukianza na Season unapata 2, kisha Scales inafanya 3. Programu ikikuuliza, usibofye haraka. Halafu Doubling Season inagusa alama zinazowekwa na athari, wala haigusi zinazolipwa kama gharama. Planeswalker wako (kadi ya mshirika ambaye uhai wake ni alama za uaminifu) ataingia na uaminifu maradufu, lakini ukitumia uwezo wake wa +1 ataongezeka 1 tu.

Matabaka nitayagusia kidogo, kwa sababu mgeni hayahitaji kila siku. Athari nyingi zikimgusa kiumbe mmoja, mchezo huzipanga kwa aina yake. Kuna tabaka la kuweka kiwango cha msingi, na baada yake tabaka la kuongeza na kupunguza, hata kama nyongeza ndiyo iliyotangulia. Frogify inamfanya kiumbe kuwa chura wa 1/1 asiye na uwezo wowote. Ukimwekea kiumbe mwenye alama tatu za +1/+1, utapata chura wa 4/4. Alama hazikufutwa, zimehesabiwa juu ya msingi mpya.

Arena ina pia kadi ambazo mezani haziwezekani. Kanuni ya kawaida ni kwamba kitu kikihama mahali, kinakuwa kipya na kusahau yote yaliyokipata. Kiumbe akirudishwa mkononi na kuchezwa tena, anaingia mzima. Kadi za kidijitali zilizoanza kuingia mwaka 2021, na hasa zile za Alchemy, aina ya mchezo iliyo Arena tu, zina mabadiliko ya kudumu yanayomfuata kiumbe popote aendapo. Davriel's Withering inampa kiumbe wa mpinzani -1/-2 ya kudumu. Kiumbe wa 2/2 anakuwa 1/0 na kufa, na hata kaburini bado ni 1/0. Mpinzani akimfufua, ukaguzi unamrudisha kaburini kabla yeyote hajapata nafasi. Kabla ya kutumia mana kumfufua mtu, mwangalie namba zake alipolala.

Na utakutana na mizunguko. Exquisite Blood inakupa uhai kila mpinzani anapoupoteza. Vito, Thorn of the Dusk Rose anamnyang'anya mpinzani kila unapopata. Zikiwa pamoja, tone moja la uhai linatosha kummaliza, na mzunguko unakoma kwa sababu mpinzani amekufa. Polyraptor na Marauding Raptor hawana mwisho kama huo. Marauding Raptor hana hiari, anampiga madhara 2 kila kiumbe wako anayeingia, na Polyraptor akipigwa anazaa nakala yake, ambayo nayo inaingia na kupigwa. Kama hakuna mwenye uwezo wa kukatiza, kanuni zinasema mchezo ni sare. Usiwaweke wote wawili kwenye fungu lako kabla hujawa na kadi ya kuvunja mzunguko huo.

Ukikwama, njia ya haraka ni kumwomba rafiki mcheze mchezo wa kualikana ndani ya Arena, mkaipange hali ileile na kuiangalia polepole. Peke yako unaweza kumtumia Sparky, mpinzani anayeendeshwa na programu, ila yeye hatakuchezea kadi unazotaka. Kitabu kamili cha kanuni hutolewa bure na Wizards of the Coast, kampuni inayochapisha Magic. Kina kurasa zaidi ya 200, na si cha kusoma toka mwanzo. Fungua sehemu ya 704 kwa ukaguzi wa hali, 614 na 616 kwa kadi zinazobadilisha tukio, 613 kwa matabaka, 117 kwa nafasi za kujibu. Kwa kadi moja moja kuna Gatherer, hazina rasmi ya kadi, ambako chini ya kadi nyingi utakuta ufafanuzi wa maswali yaliyoulizwa mara kwa mara. Kila ufafanuzi una tarehe yake. Iangalie hiyo kwanza, hasa kama swali lako linahusu mapigano.